Maharagwe ya Rangi Moja

Mukankusi hakuwa mtu wa kuamini haraka. Ukimletea maziwa alinusa kwanza, hata kama wewe ni dada yake wa tumbo moja. Ukimwambia mvua itanyesha, aliangalia juu, halafu akakuangalia wewe, kana kwamba kuna kitu utapata mvua ikinyesha. Burungu nzima ilimjua hivyo, na mumewe Nzabandora alikuwa na msemo wake: "Mama Léonard akifika mbinguni, atamuuliza Petro alitoa wapi funguo." Watu walicheka. Mukankusi hakucheka, maana swali lile aliliona la haki kabisa.

Ndiyo maana ni ajabu kwamba mwanamke huyo aliiamini internati, ile shule ya bweni ya Direkteri Symphorien, kwa mwaka mmoja na nusu. Aliiamini kwa sababu alitaka kuiamini. Léonard ndiye mtoto pekee aliyebaki katika wanne aliozaa, na shule ya misioni ilikuwa imemkataa ikisema umri umempita. Basi akaja Direkteri kutoka upande wa Bukavu, akakodi nyumba kuukuu ya mzungu juu ya kilima, akatangaza kwamba atapokea watoto wa wakulima. Watalala kwake, watajifunza Kifaransa na hesabu, watatoka na sertifika ya ukarani. Hakuomba mengi. Kila muhula mzazi alete vitunga vitatu vya maharagwe kwa chakula cha mtoto wake, aviache langoni. Sharti lilikuwa moja tu, mzazi asiingie. Wazazi, alisema, hulegeza roho za watoto.

Nzabandora alichaguliwa kuwa prezida wa komite ya wazazi. Katika kila mkutano pale langoni Direkteri alimwekea kiti cha mbele, kiti chenye mgongo, wengine wakikaa kwenye nyasi. Mtu aliyelima maisha yake yote akiwa ameinama, mpe kiti chenye mgongo uone. Atasahau hata jina la baba yake. Nzabandora alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akiona anang'aa.

Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na sita, baada ya misa, vijana wawili walisimama nje ya kanisa. Wote wawili walikuwa wamesoma internati ile tangu ilipofunguliwa. Karangwa alitoroka, na Émile alifukuzwa.

"Muache kupeleka batoto kule," Karangwa akasema. "Tunasoma saa moja asubui, kisha tunaenda kuchuma piretri ya muzungu mupaka jua inaingia. Chakula iko mara moja kwa siku, muhogo kavu. Maharagi yenu, siye hatukuyaona hata siku moja."

Piretri ni yale maua meupe ambayo wazungu waliyatengenezea dawa ya wadudu. Yalijaa milima ya Masisi siku zile, na kila mzungu mwenye shamba alitafuta mikono ya kuyachuma.

Nzabandora akapenya katikati ya watu. "Wewe ulikimbia masomo, na huyu mwenzako balimufukuza juu ya bwizi. Sasa munataka batoto ya bengine nabo bakose sertifika. Ile iko wivu tu."

Watu wakaguna, wengine wakacheka, wakaanza kutawanyika. Mukankusi alibaki akitazama vidole vya Karangwa. Ngozi ilikuwa imebabuka, imeiva nyekundu kama ya mchumaji wa piretri. Lakini hakumwamini hata yeye. Mtu yeyote anaweza kwenda kuchuma maua kwa mzungu, kisha akasema alilazimishwa.

Kilichomchoma ni Émile. Kijana yule hakubisha. Alisubiri Nzabandora aondoke, kisha akasema polepole, kama mtu anayezungumza na viatu vyake: "Ni kweli niliiba, Mama. Niliiba muhogo."

Neno hilo lilimfuata Mukankusi mpaka nyumbani, likakaa naye jikoni.

Siku ya tatu barua ya Léonard ikafika, na katekista akamsomea kama kawaida. "Wazazi wapenzi, mimi ni mzima. Tunakula vizuri, tunasoma vizuri, Direkteri anatupenda." Mukankusi akamwomba asome tena. Kisha akaenda kwa jirani yake Nyiransabimana, ambaye mtoto wake alikuwa huko huko, akaazima barua yake, akarudi nayo kwa katekista. Tunakula vizuri, tunasoma vizuri, Direkteri anatupenda. Hakuna neno lililopungua wala lililozidi.

"Njo vile banabafundisha kuandika barua, Mama," katekista akasema. "Barua iko na mupango yake."

"Banabafundisha kuandika," Mukankusi akauliza, "ao banabafundisha kusema?"

Katekista akazikunja barua zote mbili. Alikuwa mtu mwema, na watu wema huchoka mapema.

Siku hiyo alimwambia mumewe wakamchukue mtoto. Nzabandora hakugomba. Afadhali angegomba. Alieleza tu, kwa ile sauti yake ya kiti cha mbele, kwamba imebaki miezi minne. Mtoto akitoka kabla ya mwisho, Direkteri anafuta jina lake, na aliyefutwa huko hapokelewi kwingine. "Utamupatia nini pa fasi ya sertifika? Jembe? Jembe analo tangu anazaliwa."

Mumewe alikuwa amesema kweli. Kama vijana wale ni waongo, akimtoa Léonard anamharibia maisha kwa mikono yake mwenyewe. Kama ni wakweli, kila siku anayongoja mtoto anaisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiumia halikuwa lake. Aliogopa, na alichukia kuogopa kitu asichoweza kukinusa.

Jumatano akaenda sokoni Mweso kuuza unga wa muhogo.

Sasa, asiyejua milima hii atauliza maharagwe yana siri gani. Mwanamke wa huku hapandi aina moja. Anapanda mchanganyiko: nyeusi ndogo, za njano, zenye madoa, za zambarau, zote katika shimo moja, ili mvua ikiua hizi, zile zibaki. Na kila nyumba ina mchanganyiko wake. Binti anaupata kwa mama yake siku ya kuolewa, anaongeza lake moja au mawili, na ukimwaga maharagwe ya wanawake kumi mkekani, kila mmoja atakuonyesha ya kwake bila kukosea. Ya Mukankusi yalijulikana zaidi, kwa sababu mama yake alizaliwa Kibua, upande wa Walikale, na alikuja na mbegu moja nyeupe yenye jicho jekundu. Burungu waliiita Mama ya Kibua. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Alipopita mbele ya kapu la mchuuzi mmoja, Mukasine, macho mekundu yalimtazama.

Alichuchumaa. Aliingiza mkono, akachota, akafungua kiganja. Nyeusi ndogo, za njano chache, na kati yao Mama ya Kibua tatu. Alichota tena, akapata mbili. Ni kiasi kile kile alichochanganya yeye mwenyewe msimu wa kupanda.

"Ulitoa wapi hii, dada?"

"Kwa muke ya Direkteri, kule ku internati," Mukasine akasema bila wasiwasi. "Analetaka kila mwezi. Iko maharagi ya muzuri, haina buchafu."

Mukankusi alijua hayana uchafu. Aliyapembua yeye, akiwaza meno ya Léonard. Alinunua kikombe kimoja cha maharagwe yake mwenyewe, akayafunga katika pindo la nguo, akarudi Burungu bila kumwambia mtu. Mumewe angesema mbegu husafiri. Angesema mengi.

Lakini maneno ya vijana wale yalikuwa yameshapanda kilima, na Direkteri akaamua kuyazima. Akaita wazazi wote, na kwa mara ya kwanza lango likafunguliwa. Watoto walikuwa wamepangwa mstari, wameoshwa, mashati meupe yakiwakaa kama ya kuazima. Léonard alikuwa wa saba. Mukankusi alimtafuta kwa macho mara mbili kabla ya kumpata, kwa kuwa uso ulikuwa umekonda. Nzabandora alikuwa kwenye kiti chake. Karangwa na Émile walizuiwa, wakabaki nje ya ua.

Direkteri Symphorien alizungumza kwa upole, mtu wa viatu safi. Hakumtukana mtu. Alisema anawahurumia vijana walioshindwa masomo, kisha akatoa ufunguo mfukoni na kufungua ghala.

"Mujionee," akasema. "Vitunga vyote mulileta, viko hapa. Mutoto atalala njaa namna gani?"

Magunia manane yalisimama ukutani. Akafungua la kwanza, akachota kwa mikono miwili, akayaacha yateremke mbele ya jua. Yalikuwa mekundu, mazito, yenye kung'aa, yote sawasawa. Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nzabandora akapiga makofi.

Wanawake hawakupiga. Walitazamana. Nyiransabimana akatoka kwenye kundi, akaingia ghalani bila kuomba ruhusa, akazamisha mkono hadi kiwiko katika gunia la kwanza, kisha la pili, kisha la tano. Kila mara mkono ulitoka na mekundu.

"Hii iko ya nani?" akauliza.

"Iko yenu, Mama."

"Ya kwangu haiko hapa."

Direkteri akacheka kidogo. "Mama, maharagi iko maharagi."

Kifaransa alikijua, na kusema alijua, lakini neno lile halisemwi na mtu aliyewahi kupanda. Maharagwe ya rangi moja yalilimwa na mtu mmoja tu katika milima ile, yule mzungu wa piretri, kwa ajili ya wafanyakazi wake. Magunia hayo manane mzungu alimwazima Direkteri, aliyempelekea watoto wa kumchumia maua, kwa siku moja tu, na hakuna aliyemwambia kwamba wanawake wangeyasoma kama katekista anavyosoma barua.

Mukankusi akafungua pindo la nguo mbele ya wote. "Yangu njo hii. Niliikuta Mweso, soko ya Jumatano. Muuzaji anasema muke yako njo anamuletea."

Vichwa vikainama juu ya kiganja chake. "Iko Mama ya Kibua," mmoja akasema, na wa nyuma wakairudia.

Direkteri alimpa mgongo. Alimgeukia Nzabandora. "Prezida, sema na bamama."

Nzabandora akainuka. Alitazama maharagwe katika mkono wa mkewe, maharagwe aliyoyala tangu siku ya ndoa. Kisha akasema: "Mbegu inatembeaka. Inaweza kuwa ya muntu mwengine." Akaketi tena.

Hasira iliyompanda Mukankusi ilimtoa machozi, na hakuyafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa watoto, akasimama mbele ya Léonard.

"Jana ulikula nini?"

Mtoto akamtazama Direkteri kwanza. "Tunakula vizuri," akasema.

Akamshika mkono, akaugeuza. Vidole vilikuwa vimebabuka kama vya Karangwa. Hakuuliza tena. Alimvuta, wakaanza kutembea kuelekea lango.

"Akivuka pale, jina yake inafutwa," Direkteri akasema nyuma yao.

"Ufute."

Nyiransabimana akamfuata na wa kwake, akafuatwa na wengine wawili. Wengine walisita, wakiwaza sertifika. Nzabandora alibaki kwenye kiti.

Nzabandora alifika nyumbani chakula kikiwa kimeiva. Hakusalimu. "Miezi ine, Mukankusi," akasema. "Ilibakia miezi ine tu. Na umenitia haya mbele ya bantu bote." Akavuta kibao chake, akakaa, akapokea sahani. Mukankusi alikuwa akimwangalia mtoto.

Léonard alikula haraka mwanzoni, bila kuinua kichwa. Halafu akapunguza. Akaanza kuchagua zile nyeupe, jicho jekundu bado linaonekana hata baada ya kupikwa, moja moja, akizifuta mchuzi kwenye goti. Akatazama mlangoni. Akazitia mfukoni mwa shati.

"Unafanya nini?" Nzabandora akauliza.

Mtoto akaruka. Alisimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka kando, macho ukutani.

"Tunakula vizuri, Direkteri," akasema.

Tonge lilibaki mkononi mwa Nzabandora. Mchuzi ulikuwa umepenya kitambaa cha shati jeupe, ukifanya doa juu ya moyo wa mtoto, na mtoto akajaribu kulifunika kwa kiganja.

Nzabandora akashuka kwenye kibao, akakaa chini, udongoni. Akaisukuma sahani yake hadi kwenye miguu ya mwanawe. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya kiti cha mbele.

"Weka," akasema. "Weka na hii ya kwangu. Kesho mama yako atapika tena."