Ukigonga Bango la Sabuni

Mteja akija kwangu kupimwa nguo akakuta watu, namwambia akae pale kwenye benchi acheze gemu. Mafundi wengine wana magazeti, mimi nina gemu ya besiboli ya zama zile, na televisheni yenye kisogo kirefu. Watu hucheka. Wacheke tu, nguo nawashonea mimi.

Wachezaji wake ni wanyama. Kuna twiga anayedakia mpira juu kwa juu, kuna fisi mwenye kaptura, kuna kifaru, kuna bata. Kila kifua kina tangazo: betri, dawa ya meno, mafuta ya kupikia. Nyuma ya uwanja limesimama bango kubwa la sabuni. Baba yetu alikuwa dereva wa gari la kusambaza hiyo sabuni, na gemu alipewa kiwandani, zawadi ya mwisho wa mwaka. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeijua, na besiboli yenyewe hatukuwahi kuiona. Basi mimi na dada yangu tukajitungia sheria. Ukigonga bango la sabuni kwa mpira, dubu hutoka na ndoo akacheza dansi, povu likajaa kioo kizima, na mwenzako ndiye anayeosha vyombo siku hiyo. Kule kukimbia kuzunguka uwanja tuliona ni kujichosha bure.

Dada alikuwa Kifaru, mimi Bata. Tuliitana hivyo hata mezani, mpaka mama akachoka kutugombeza.

Kisha dada akapata mchumba, fundi rangi. Na mimi na mdomo wangu huu! Nikasema mwanaume gani huyo, shati lake limepakwa rangi kuliko kuta za watu. Dada akaniomba nimshonee gauni la harusi. Nikamwambia kwa harusi hiyo sishiki sindano. Asubuhi ile mimi ndiye niliyegonga bango, kwa hiyo vyombo vilikuwa vyake. Aliviacha kwenye beseni, akachukua begi akaondoka. Ikapita miaka ishirini na sita.

Mwanzoni nilinuna. Nikasema atarudi mwenyewe, kwani ataenda wapi? Kununa kulipoisha nikabaki na hamu naye, na hamu hiyo sikuwa na pa kuipeleka. Namba yake sina, alikohamia sikujui. Gemu nikaihamishia dukani nikasema ni ya wateja. Uongo mtupu. Nilitaka nikiwa kwenye cherehani, siku moja nisikie tena ule muziki wa dubu. Lakini wateja wote hukimbilia pointi, bango hawana habari nalo.

Jumanne iliyopita akaingia binti mmoja, kitambaa cheupe kwapani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaa hapo, namalizia zipu ya huyu mama. Kuna gemu, kama unaiweza."

Akachagua kifaru. Mpira wa kwanza akakosa, wa pili akakosa. Wa tatu ukaenda juu, na muziki wa dubu ukalia. Mguu wangu uliganda juu ya pedeli. Nilipogeuka, povu lilikuwa limejaa kioo, na yule binti wala hakumkimbiza mnyama wake. Alikuwa ameweka kidude cha kuchezea chini, ananitazama.

"Leo vyombo ni vyako," akasema.

Sheria ile tuliijua watu wawili tu duniani.

"Wewe mtoto wa nani?" nikamuuliza, ingawa lile paji la uso nililijua kabla hajazaliwa.

"Wa Kifaru. Mama alisikia kuna fundi anaweka gemu ya wanyama dukani, akajua ni wewe. Naolewa mwezi ujao, mama mdogo. Amesema gauni langu asiliguse mtu mwingine."

Yule mama wa zipu akaanza kunung'unika. Nikamwambia arudi kesho.

"Na baba yako?"

"Alifariki mwaka juzi. Alikuwa mtu mwema sana. Kila mwaka aliipaka nyumba yetu rangi upya, rangi anayotaka mama."

Hapo ndipo nilipolia, tena bila haya, nikijifuta kwa sketi ya mteja. Ningekuwa shemeji yake miaka yote hiyo, nikachagua mdomo.

"Mama yako yuko wapi?"

"Hapo nje, kwenye duka la vifungo. Alisema nikigonga bango ukakasirika, tuondoke kimya kimya."

Sikuwahi hata kutoka. Alikuwa ameshafika mlangoni, amenenepa, mvi zimejaa kichwani, mkoba ameukumbatia. Hakunisalimu. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya pazia, kwenye beseni la vikombe vyangu vya chai, akakunja mikono ya gauni.

Nilitaka kumwambia nisamehe, dada. Kilichotoka ni: "Acha hivyo. Binti yako amegonga bango, leo ni zamu yangu."

"Hivi ni vya siku ile," akasema bila kugeuka. "Sabuni iko wapi, Bata?"