Maharagwe Yanayoitwa Mke Wangu Hasikii

Fundi cherehani alijua kwamba maharagwe ya mumewe yamepata jina siku alipokwenda sokoni kununua vitunguu, akamsikia muuzaji asiyemfahamu akipaza sauti: "Mke Wangu Hasikii! Mke Wangu Hasikii mapya haya, yanaiva upesi, hayajazi tumbo hewa!"

Alidhani ni mzaha wa soko. Akasogea. Gunia lilikuwa na lebo yenye muhuri wa serikali, na juu ya lebo picha ya maharagwe ya njano yenye doa jekundu kwenye jicho, yale yale aliyoyaona yakioteshwa dirishani kwake miaka nenda miaka rudi. Chini ya picha, kwa herufi kubwa, jina la mbegu. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mgunduzi: mume wake wa ndoa.

Vitunguu havikununuliwa siku hiyo.

Mumewe alikuwa mtafiti wa mbegu, mtu mpole lakini mzito wa mdomo. Angeweza kukaa na mche mmoja tangu asubuhi mpaka jua linazama, akiupapasa majani na kuutazama kama mgonjwa. Kwa binadamu, maneno yalimtoka tone kwa tone, kama bomba siku ya mgao wa maji. Nyumbani mke alizungumza, mume akaguna. Mguno mfupi ulikuwa ndiyo. Mrefu ulikuwa tutaona. Wa puani ulimaanisha chai imepoa. Watoto wao walikuwa wakubwa, wamekwenda kujitegemea, na kila mmoja wao alioa au kuolewa na mtu wa maneno mengi.

Alimkuta mumewe jikoni, anachambua mbegu kwenye sinia.

"Baba watoto, umeniita nini huko sokoni?"

Mume akaguna. Mguno huo mkewe hakuwahi kuusikia.

"Usinigunie. Leo nataka maneno."

Maneno yakatoka, taratibu. Sheria inayomlinda mgunduzi wa mbegu inadai kila aina mpya iwe na jina lake peke yake, lisilofanana na la mwingine. Alipeleka Neema, akaambiwa imeshachukuliwa. Alipeleka Dhahabu, nayo ina mwenyewe. Tumaini, Faraja, Baraka, zote zilikuwa na wenyewe. Siku ya mwisho karani wa Ofisi ya Mbegu alimpigia simu, anataka jina kabla hawajafunga. Mume alikuwa amesimama sebuleni, simu sikioni, na katika chumba cha pili cherehani ilikuwa inanguruma juu ya pazia nene. Akamwomba mkewe asimamishe kidogo. Cherehani ikaendelea. Ndipo akamwambia karani, "Samahani, mke wangu hasikii."

Karani akasema, "Zuri sana. Hilo halina mwenyewe." Akakata simu.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Walikuwa wameshapiga muhuri."

"Hukuweza kumpigia ukamwambia amekosea?"

Mume alichambua mbegu mbili tatu. "Karani yule anaongea haraka," akasema.

Mke alichukua sinia la mbegu, akalitazama, akalirudisha mezani polepole. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikujua imwangukie nani. Angempiga nani? Karani? Cherehani?

Lingekuwa jambo la nyumbani, likaisha nyumbani, kama maharagwe yangekuwa mabaya. Yalikuwa mazuri kupita kiasi. Yalivumilia jua, wadudu waliyakwepa, na mpishi hakuhitaji kukaa nayo kutwa jikoni. Msimu mmoja tu, kila mtu akawa anayataka. Redioni mtangazaji alisoma bei za mazao kwa sauti ya msiba: "Mke Wangu Hasikii yamepanda kidogo." Mteja mmoja alimletea fundi suruali ya kupunguza, akamweleza kwa ishara za mikono tangu kiunoni hadi kwenye pindo. Mwingine alimzungukia, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake kuona kama atageuka. Shemeji yake alipokuja kusalimia, alibisha hodi kwa sauti ya kuamsha mtaa, kisha akamkumbatia kwa huruma. "Pole shemeji. Kumbe ulikuwa unatuficha."

Aliyejaribu kumsaidia alikuwa jirani yao, muuza nafaka, mwanamke mwenye roho ya kutoa na masikio yanayopenya ukuta. Alibandua lebo kwenye gunia lake akaandika kwa mkaa: Mke Wangu Anasikia Vizuri. Kesho yake Mkaguzi wa Mbegu alilichukua gunia.

"Mbegu iliyosajiliwa inauzwa kwa jina lililosajiliwa," Mkaguzi alimwambia kwa upole. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooka, mfukoni rula. "Ukibadilisha jina, mkulima atajuaje anachopanda?"

"Na nikizihifadhi nikapanda kwangu bila jina?"

"Hapo huna kosa. Mkulima ana haki ya kuweka mbegu za shamba lake mwenyewe."

"Nikimpa dada yangu?"

"Hapo pana tatizo."

"Akija shambani kwangu, zikamwangukia mfukoni?"

Mkaguzi alitoa rula, akaitazama, akairudisha. "Hilo sijawahi kuulizwa," akasema, akaondoka na gunia.

Fundi aliposikia jirani yake amenyang'anywa gunia kwa ajili yake, alifunga cherehani, akavaa gauni la kutokea, akamshika mumewe mkono mpaka Ofisi ya Mbegu.

Msajili alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, mezani kwake vibakuli vya mbegu kama duka la pipi. Aliwasikiliza, yaani alimsikiliza mke, maana mume aliguna mara moja tu.

"Mama, nakuelewa," alisema Msajili. "Lakini siwezi kufuta jina kwa sababu linauma. Sheria inaniruhusu kulifuta kama linapotosha watu. Kwa hiyo swali ni hili: unasikia au husikii?"

"Si unaona nakujibu?"

"Hayo ni maneno yako mwenyewe. Mwenye kupimwa hajipimi. Hata maharagwe yangekuwa na mdomo, yangejisifu."

"Basi nipimeni!"

Alisema kwa hasira, hakutegemea kukubaliwa. Msajili akavua miwani, akafurahi. Ofisi ile ilikuwa na njia moja tu ya kupima kitu chochote kile, nayo ni ile ya kupima mbegu. Kwanza upekee: je, kinatofautiana na kingine kinachojulikana? Pili ulinganifu: je, kiko hivyo hivyo kila mahali? Tatu uthabiti: je, msimu ujao kitabaki hivyo?

Mkaguzi alifika nyumbani kwao Jumatatu asubuhi. Alifunga kipima mvua uani, akapima upana wa sebule kwa hatua, akachora mstari wa chaki kati ya jiko na chumba cha kushonea. Kisha akamgeukia mume.

"Mke ni huyu mmoja tu?"

Mguno mfupi.

"Hilo litatusumbua kidogo. Maharagwe huwa tunapanda mistari kadhaa, ndipo tunajua kama yanalingana."

"Thubutu kupanda mwingine," mke alimwambia mumewe, "uone kama utavuna."

Mkaguzi aliandika: sampuli ndogo, ina miiba.

Ili kupima upekee alihitaji mke mwingine wa kulinganishia, anayejulikana kwa kusikia. Mtaa mzima ulimtaja muuza nafaka. Basi wanawake wawili wakakalishwa sebuleni, migongo imeelekea mlangoni, na mume akasimamishwa nyuma yao.

"Sema kama unavyosema siku zote," Mkaguzi alimwelekeza.

Saa ya ukutani ilisikika. Mume alitazama dari, akatazama viatu vyake, akaguna.

"Kasema nini?" jirani akanong'ona.

"Anauliza kama kuna mtu amemwagilia miche," mke alijibu bila kugeuka.

Mkaguzi alimtazama mume. Mume, macho yamemtoka, akatikisa kichwa kukubali. Wakarudia. Mguno wa puani. "Anasema chai yako inapoa, Mkaguzi." Kweli chai ilikuwa imepoa. Mume akafungua mdomo, akaufunga bila kutoa chochote. "Anataka kujua utaondoka lini."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Mizani yake ya kusikia ilianzia "hafifu" ikaishia "vizuri sana," na hapakuwa na mahali pa kumweka mtu anayesikia yasiyosemwa. Alirudi msimu wa mvua wote kupima ulinganifu. Alikula pale, akajua kisu kikali kinakaa wapi, akaanza kumwita mwenye nyumba dada. Matokeo yalikuwa yale yale, jua au mvua.

Ilibaki uthabiti, msimu wa pili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Katikati ya misimu, fundi alikuwa na muda wa kuwaza. Kila alipotafsiri mguno, Mkaguzi alimpongeza, jirani akapiga vigelegele, na yeye akarudi kwenye cherehani bila furaha. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka yote bila kugundua kwamba ni kazi. Na pembeni mwanamume yule amesimama, anatikisa kichwa kukubali, amepumzika kabisa, kama mtu aliyepewa mkalimani wa maisha.

Msimu wa pili Mkaguzi alipofika na rula yake, mume aliguna kama kawaida.

"Dada, kasema nini?"

"Sijui," alijibu mke. "Aseme kwa maneno."

Mume aliguna kwa nguvu zaidi. Mke akatia uzi kwenye sindano. Chai ikapoa, miche ikanyauka dirishani, chumvi haikupelekwa mezani. Mkaguzi alitembea juu ya mstari wake wa chaki ameshika kichwa. "Dada, tafadhali, msimu uliopita ulikuwa vizuri! Usiniharibie uthabiti!" Mume alikonda. Jioni moja alionekana uani anaiambia miche kitu fulani kirefu, lakini aliposogelewa akanyamaza.

Ripoti ya Mkaguzi ilikuwa fupi. Jina linapotosha. Hakuna ushahidi kwamba mke hasikii. Ushahidi uliopo ni kwamba mume hasemi. Aliongeza kwa mwandiko mdogo kwamba anaomba likizo.

Msajili aliitisha kikao cha wazi. Wakulima walijaa ukumbini hadi madirishani, kwa sababu walikuwa na lao: ikiwa jina la sasa litafutwa, kisha mgunduzi asitoe lingine siku hiyo hiyo, haki yake inakufa, na kila mtu atagawa mbegu apendavyo. Muuza nafaka alikaa mbele, mkoba umefunguka, tayari kwa lolote.

"Mgunduzi," alisema Msajili, "tunahitaji jina jipya. Na safari hii kwa mdomo wako, hatupokei kwa simu."

Mume alisimama. Jasho lilimtiririka. Alitazama mbegu kwenye vibakuli, akamtazama mkewe, na mkewe akatazama mbele, uso mkavu.

"Naomba," alisema, sauti kama ya mtu aliye chini ya kisima, "yaitwe kwa jina la mke wangu."

Ukumbi ukaguna kwa furaha. Msajili akapekua sheria. "Jina la mtu halitumiki bila ridhaa yake. Mama, unasemaje?"

"Sikusikia," alisema mke.

"Naomba yaitwe kwa jina la mke wangu!"

"Sikusikia."

Mume alipanda juu ya kiti. "Naomba yaitwe kwa jina la mke wangu! Kwa sababu nilipokuwa nasahau kumwagilia alimwagilia yeye! Kwa sababu miche ilikula dirisha lake miaka yote, na yeye akashona gizani! Kwa sababu nilipaswa kumpigia karani, nikaogopa!" Akashika ukuta asianguke. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo tangu siku ya posa, na hata siku hiyo mjomba wake ndiye aliyezungumza.

Wakulima walipiga makofi. Mke alijifuta macho kwa kitambaa alichokishona mwenyewe.

"Sasa nimesikia," alisema. "Na sikubali."

Akakunja kitambaa.

"Jina langu nimepewa na mama yangu. Sitaki mtu anyang'anywe gunia kwa kuwa ameliandika vibaya kwa mkaa. Baba watoto, asante. Tafuta lingine."

Saa ya kufunga ofisi ilikuwa inakaribia. Mume, akiwa bado juu ya kiti na mdomo umeshafunguka, alitaja yote yaliyomjia: Kiti, Dirisha, Samahani. Kila moja lilikuwa na mwenyewe. Muuza nafaka alichoka. "Jamani, si ni yale yale tu!" akapayuka.

Msajili akapekua. "Yale Yale," akasema polepole. "Halina mwenyewe."

"Haiwezekani!" Mkaguzi aliruka. "Aina hii imesajiliwa kwa sababu si yale yale! Ina upekee! Jina linapotosha!"

Lakini Msajili alikuwa na njaa, na muhuri ulikuwa mkononi. Akapiga.

Gunia la jirani lilirudishwa, limechipua lote, kwa sababu ghala la ofisi linavuja. Akaligawa barabarani kama miche, na Mkaguzi akapita pale akisoma gazeti lililofunika uso. Sokoni mtu akiuliza maharagwe ni gani huambiwa Yale Yale, naye huuliza yale yapi, na muuzaji huangaza macho huku na huku kabla ya kumtajia sikioni jina la zamani.

Fundi aliacha kujali. Nyumbani kwake kulikuwa na tatizo jipya. Mume, baada ya kupanda kiti kile, hakushuka tena. Alianza na salamu, akaendelea na habari za udongo, na sasa alikuwa amepata choroko zinazotambaa upande mmoja tu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, akaeleza tangu mzizi hadi ua, na mteja aliyekuja kupimwa gauni akakaa chini, kisha akaaga, kisha akaondoka.

"Tena kuna hili la majani yake," mume alisema.

Mke aliweka mkasi chini, akavuta kiti cha mteja, akakigeuzia kwake.

"Kaa basi," alimwambia. "Majani yamefanyaje?"