Maji Juu ya Kaburi la Mtoto

Katekista Tadei Komba alikuwa mtu wa majibu. Kule Mshangano, ukimuuliza jambo la Maandiko hakukuacha uondoke mikono mitupu. Tangu arudi kutoka chuo cha makatekista, wanajumuiya walimwona kama padre aliyekosa kanzu tu, na yeye mwenyewe alianza kujiona hivyo, ingawa hakumwambia mtu.

Jumamosi moja jumuiya ilisali nyumbani kwa Bibi Devota. Somo lilikuwa habari za Nikodemo, yule mzee aliyemwendea Yesu kwa kificho. Baada ya somo, Bibi Devota aliuliza kwa sauti ya chini, "Katekista, na wale wachanga wanaotangulia kabla ya kubatizwa, wenzetu hao wako wapi?"

Swali lilimkuta Tadei na lake moyoni. Kwa muda mrefu alikuwa anakerwa na wazazi wanaochelewesha ubatizo, huyu anangoja shangazi atoke Tunduru, yule anangoja sare za sherehe zishonwe. Akaona nafasi ya kuwachapa imejileta yenyewe.

"Andiko halina kona, Bibi," alisema, sauti ikipanda. "Bwana amesema, mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Hawezi! Sasa ninyi mnaongoja mbuzi anenepe ndipo mbatize watoto, mjue mnachezea nini."

Watu waliguna. Pembeni mwa mkeka, Lidwina aliinamisha kichwa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefariki hospitalini siku ileile aliyozaliwa, hata jina hakupata, na Tadei ndiye aliyeongoza sala ya maziko. Alimwona ameinama, akadhani anasali.

Jumamosi iliyofuata Lidwina hakuja. Wala ile nyingine.

"Umemwona Lidwina siku hizi?" Suzana, mke wa Tadei, alimuuliza wakiwa jikoni. "Nilimpitia jana. Ananijibu kama mtu aliyeko ng'ambo ya mto."

"Msiba bado mbichi," alisema Tadei. "Utapoa."

Asubuhi moja ya baridi, jembe begani, alikata njia kupitia makaburini ili awahi shambani. Akamwona Lidwina amepiga magoti kwenye kile kikaburi kidogo, jagi la plastiki mkononi. Tadei alitaka kumsalimu, lakini neno alilolisikia likamfunga mdomo.

"Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Lidwina alimimina maji taratibu. Akaangalia yanavyotambaa juu ya udongo mwekundu na kupotelea pembeni. Akatikisa kichwa. Akaanza kuchimba kwa kidole, akatengeneza kitundu, akakizamisha kidole mpaka mwisho, kisha akamimina tena na kurudia maneno yale yale, kama fundi anayehofu kwamba kazi haijashika. Kitundu hicho hakikuwa cha kwanza. Kaburi zima lilikuwa limetobolewatobolewa.

Tadei alirudi nyuma hatua kwa hatua, akijificha kwenye miti kama mwizi. Alifika shambani, akasimama katikati ya matuta, jembe lisiinuke. Yale maneno yeye ndiye aliyemfundisha, kwenye mafundisho ya ndoa, ili mzazi aweze kumbatiza mtoto aliye hatarini. Na ile hofu nayo, yeye ndiye aliyemfundisha.

Lililomkata zaidi ni kwamba alikuwa anajua. Chuoni walifundishwa bayana kwamba Kanisa linawakabidhi watoto wa namna hiyo kwenye huruma ya Mungu, na kwamba tunaruhusiwa kutumaini wokovu wao. Aliyaandika, akayafanyia mtihani, akafaulu. Lakini siku ile kwa Bibi Devota aliliacha tumaini nyuma akabeba kiboko, kwa sababu kiboko kinafanya kazi haraka.

Hakulima. Alikwenda parokiani, akamkuta Padre Fulgence anamwagilia miche ya kahawa nyuma ya nyumba. Padre alikuwa kijana kwake kwa umri, lakini Tadei alimsimulia yote akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Pale Yesu alikuwa anazungumza na nani?" Padre aliuliza.

"Na Nikodemo."

"Mtoto mchanga?"

"Hapana, Baba. Mzee. Mwalimu wa watu."

"Mtu mzima mwenye masikio, anayeweza kusema ndiyo au hapana. Wewe neno aliloambiwa mzee huyo umeliweka juu ya mtoto asiyewahi hata kufumbua macho vizuri."

Tadei aliigeuza kofia mikononi. Kisha akasema, "Baba, ungemwendea wewe. Neno la padre lina uzito."

"Nitakwenda. Lakini nikienda mimi peke yangu, atakuwa na maneno mawili kichwani, langu na lako, yakipigana usiku na mchana. Lako uliliweka wewe. Kalitoe."

Lidwina alimpokea uani, akipukuchua mahindi. "Shikamoo, Katekista," alisema, akamsogezea kigoda, akaendelea na kazi yake. Tadei alikuwa ameandaa maneno njiani; yote yakayeyuka.

"Mwanangu, nimekuona makaburini," alisema. "Nimekuja kukuambia kwamba siku ile nilisoma vibaya. Mtoto wako yuko mikononi mwa Mungu. Hahitaji yale maji."

Mikono ya Lidwina ilisimama. "Siku ile ulijuaje kwamba hawezi kuingia?"

Tadei alitazama chini, kwenye punje za mahindi.

"Na leo umejuaje kwamba ameingia?"

"Leo sisemi najua. Natumaini. Kanisa linatumaini, na ndivyo nilivyofundishwa."

"Ulifundishwa lini? Jana?"

Hapo angeweza kudanganya, na uongo ulikuwa umekaa tayari ulimini. "Zamani," alisema. "Chuoni. Nilijua."

"Ulijua." Lidwina alilitamka neno hilo polepole. "Basi kwa nini?"

"Nilitaka wazazi waogope, wasichelewe."

Lidwina alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha ndani yake. "Wale uliotaka waogope wako na watoto wao nyumbani, Katekista. Hawakuogopa hata kidogo. Niliogopa mimi." Akachukua hindi lingine. "Usinitubie hapa uani, kuku ndio wanasikia. Kaseme kule ulikosema."

Jumamosi Tadei alisimama mbele ya jumuiya. Lidwina alikuwepo, karibu na mlango. Tadei alisema alikosea, na alisema alikosea huku akijua. Kisha akafungua habari za mfalme Daudi, ambaye mtoto wake aliugua na kufa siku ya saba.

"Watoto wa kiume wa Waisraeli walitahiriwa siku ya nane," alisema. "Huyu hakuifikia. Alikufa bila alama ya agano, na wala Biblia haitutajii jina lake. Lakini baba yake alisemaje? 'Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi.' Hakusema mtoto amepotea. Ndugu zangu, watoto tuwabatize, na tuwahi. Ila aliyetangulia kabla ya maji, asitokee mtu hapa akamfungia mlango. Mimi niliufunga, na funguo sikuwa nazo."

Hakuna aliyeguna. Bibi Devota alianza kulia, kilio cha mtu mzima asiyejificha tena. "Wangu walikuwa mapacha," alisema. "Nilipokuuliza siku ile nilikuwa nauliza yangu. Ukaniambia hawezi. Nikasema basi, nilivyoogopa maisha yangu yote ndivyo ilivyo."

Tadei alihisi kama ardhi inammeza. Alikuwa amekuja na deni la mmoja. Akawatazama kinamama waliokaa mkekani na, kwa mara ya kwanza, akajiuliza ni wangapi walirudi nyumbani na maneno yake kifuani wakakaa kimya.

Lidwina aliondoka kabla ya sala ya mwisho. Hakumpa mkono.

Tadei aliomba aachishwe ukatekista. Padre Fulgence akakataa, akamwambia kuondoka ni kujificha tu. Kwa hiyo aliendelea kufundisha, lakini ile sauti yake iliyovuma kama kengele haikurudi. Watu wengine walisema amepoa, wengine wakasema anaumwa.

Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi, yalipoanza, Lidwina alirudi kwenye jumuiya. Alikaa nyuma, akaimba. Baada ya sala alipita mbele ya Tadei, akasimama kidogo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

"Milele na milele, amina," Tadei alijibu, na akabaki ameinamisha macho mpaka aliposikia hatua zake zimetoka nje.