Baba Aliyetaka Mahari Kidogo

Siku ya kujadili mahari ya binti yake, Mzee Kihara wa Endarasha aliamka akimwomba Mungu apewe kidogo. Wangui ndiye mtoto wake wa pekee, na mchumba wake, Mwalimu Kasyoki, ni Mkamba aliyeahidi kujenga papo hapo Endarasha. Mahari ikimshinda, kijana wa watu angeomba uhamisho arudi kwao Machakos, na Wangui, kwa ukaidi aliourithi kwa baba yake, angemfuata. Kihara angebaki akizungumza na kabichi zake shambani.

Lakini mila ni mila. Baba wa msichana hafungui mdomo. Msemaji ndiye husema. Na msemaji wake, Gathogo, alikuwa dalali wa ng'ombe, mtu ambaye hata salamu huipandisha bei.

"Mbuzi tisini," Gathogo alitangaza.

Kihara akamvuta nje wakashauriane. "Sema thelathini."

"Ati thelathini? Hiyo ni bei ya mtu ako na shida!"

"Sema!"

Gathogo akarudi ndani akaitamka kama mtu anayemeza shubiri.

Philemon, mjomba wa Kasyoki, aliyesafiri toka Machakos akiwa na malalamiko yake tayari mdomoni, akaweka kikombe chini.

"Kutoka tisini mpaka thelathini, na sisi hatujasema kitu? Huyu msichana ako na nini?"

Shangazi mmoja akanong'ona kuhusu ugonjwa. Mwingine akauliza kama kuna mtoto amefichwa kwa nyanya. Philemon akachukua kofia yake.

"Kasyoki, twende. Kitu ya bei rahisi hivi iko na shida."

Kasyoki akabaki amekodoa macho. Kihara alipoona wageni wanainuka, mila ikamtoka kichwani.

"Nani amesema thelathini? Gathogo amechanganyikiwa! Ni mbuzi mia! Na blanketi ya mama yake, na tangi ya maji! Mnafikiria huyu msichana niliokota kwa soko?"

Philemon akaketi. Uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyerudishiwa mfuko wake.

"Mia? Mzee, unataka kutumaliza!"

Hapo akaanza kazi iliyomleta. Akalia ukame, akalia karo, akamlilia hata marehemu babu yake. Kihara akakataa kila neno, huku moyoni akisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Mwishowe wakakubaliana arobaini.

Philemon akawageukia shangazi kwa majivuno. "Nimemkata huyu mzee zaidi ya nusu!"

Kazi iliyobaki kwa Kihara ilikuwa kukunja uso aonekane ameibiwa. Akajitahidi. Lakini Wangui akaja akamwinamia sikioni: "Baba, Kasyoki anauliza kama utamwonyesha mahali pa kujenga kabla giza iingie."

Machozi yakamtoka mzee, ya kweli kabisa, yakamlowesha ndevu.

Philemon alipoyaona, majivuno yalimwisha na huruma ikamshika.

"Basi, mzee, usilie hivyo," akasema. "Tunaongeza mbili."