Picha ya Kichwa cha Mshamu

Mshamu alidondoka kutoka juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, huko Mloka, akifukuza nguruwe wasimalize mpunga. Akazimia kidogo, akaamka, akadai chakula. Akapelekwa Dar, picha ya CT ikasema kichwa kizima. Sasa kama kizima, mbona anakula wali wa mkewe mkubwa, Mwantum, halafu anamwita Habiba?

Habiba ndiye bi mdogo. Mwantum akajua tu mume kalishwa limbwata. Zamu yake ikiisha, Mshamu akienda kwa mwenzake, alimsindikiza kwa macho huku wivu unamtafuna. Amwambie mtu? Thubutu! Ya zamu hayatoki nje ya zamu, ndivyo walivyofundwa.

Maumivu ya kichwa yakakataa kupoa. Daktari Emmy wa Kibiti akampeleka tena Dar, kwenye mashine ya MRI ya watafiti, inayofuatilia jinsi maji yanavyopita kwenye nyuzi za ubongo. Mwingine angeomba picha iwe safi. Mwantum, Mungu amsamehe, aliomba ionyeshe jeraha. Heri mume mgonjwa kuliko mume asiyemtaka.

Majibu walisomewa Kibiti, wake wawili benchi moja, Mshamu kasinzia katikati yao. Daktari akaeleza kwamba CT huona damu na mfupa uliovunjika. Hii ya MRI imeonyesha nyuzi za ubongo zilizovutika, upande wa mbele. Ila picha peke yake haitoshi, akasema, wamweleze yeye jinsi mgonjwa alivyobadilika nyumbani. Mwantum akatazama sakafu.

Habiba ndiye aliyesema, kama mtu anayemeza shubiri. "Kwangu ananiita Mwantum. Tangu aanguke."

Moyo ulimruka Mwantum. Kumbe anatajwa kule, chumbani kwa mwenzake! Ilibidi afunike mdomo kwa kanga. Kisha, kwa upole wa kujitia, akamuuliza Habiba mbona siku zote hizi hakumwambia.

"Nikwambie ufurahi, dada?"

Na kweli, Mwantum alikuwa anafurahi.

"Na kwako, mama?" daktari akamgeukia.

Uongo ulimjia mpaka kwenye ulimi. Angesema kwake hakuna kitu, kwake anaitwa jina lake sawasawa, na Habiba angelia njia nzima mpaka Mloka. Mshamu akashtuka usingizini, akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni aliyepotea nyumba.

"Kwangu ananiita Habiba," Mwantum akasema, na ndipo alipoanza kumlilia mumewe.