Mashine ya Hewa na Mama Mkwe

Huko nyuma ya chuo cha Chepkoilel, Eldoret, ukishaacha barabara ya kwenda Moiben, kuna mashine yenye kazi yake ni kupumua tu. Inavuta hewa mchana na usiku, inaipitisha kwa kitambaa cheupe kinaitwa filta, na kila asubuhi jamaa anaitwa Nicanor anatoa filta chafu na kuweka safi. Ile chafu inapimwa, majibu yanatumwa makao makuu Ulaya. Sababu ni hii: mtu akilipua bomu ya nyuklia mahali popote duniani akidhani ako peke yake, vumbi yake inapanda juu, upepo unaibeba, na siku moja inaingia kwa mashine kama hiyo. Nchi mingi zimekubaliana kuchungana hivyo. Ni kama ploti yenye kila mpangaji anajua mboga ya nani imeungua.

Nicanor aliiweza hiyo kazi. Haogopi mionzi, haogopi stima, haogopi nyoka. Anaogopa mtu mmoja, mama ya bibi yake Rosebella.

Nicanor ni Mbukusu, na kwa Wabukusu mwanaume na mama mkwe wake hawakutani. Hawashikani mkono, hawaketi pamoja, wakionana njiani mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwenzake apite. Mwiko unaisha siku wakiletana blanketi, na hiyo siku ya Nicanor bado. Hiyo si chuki. Ni heshima, lakini ni heshima yenye inakuingiza kwa mahindi na suti yako ya harusi.

Sasa huyo mama mkwe, Mama Nakhumicha, akahama kutoka Webuye, na kwa shamba zote za Uasin Gishu akakodi yenye imepakana na fensi ya mashine. Anatengeneza munyu ya kienyeji. Anachoma mabua na maganda ya maharagwe mpaka yabaki jivu, anachekecha, anamwagia maji, yakichujika ndiyo munyu ya kulainisha mboga ya mrenda. Hoteli za mtaa wa West Indies, hapo mjini, humngojea kama mvua. Shida ya kuchekecha jivu ni macho. Lakini Mama akagundua kitu: ukisimama hapo karibu na fensi, vumbi haikusumbui. Inaenda yenyewe upande ule mwingine. Akasema Mungu ni mwema.

Na Nicanor? Akiona tu kile kitambaa chekundu cha kichwa cha Mama kinakuja, anaingia stoo ya betri na kufunga mlango. Anatoka Mama akishaenda. Kwa hivyo hakuwahi kujua kile anafanya pale. Stoo haina dirisha.

Halafu filta ikapimwa, ikapatikana na seziamu, ile ya mionzi.

Seziamu haioti yenyewe. Ni kitu ya bomu ama ya mtambo umepasuka. Makao makuu wakawasha kompyuta yao, ile inarudisha upepo nyuma kuona ulitoka wapi. Ikachora mshale mpaka ziwani, ukavuka Kongo, ukaingia bahari, ukapotelea huko. Nchi moja kubwa ikasema ni ile ingine. Ile ingine ikasema huo ni uongo, na kwa nini wenzao wanajua sana mambo ya bahari? Mwishowe wakatuma wataalamu wawili Eldoret, mmoja wa kila nchi: Mrefu na Kipara. Majina yao yalikuwa magumu, na hawakuwa wanayatumia, kwa sababu hawakuwa wanaongeleshana.

Mimi niliitwa na Daktari Otiende, bosi wa kituo. Alinifundisha fizikia hapo Chepkoilel mpaka fizikia ikaniacha. Alitaka dereva mwenye anaweza kutafsiri.

"Tyson," akaniambia tukiwa airport, wageni wakingoja mizigo yao, "leo hakuna mchezo. Na usiwaambie tena maziwa ya mursik ni dawa ya mionzi."

"Lakini wamekunywa, Daktari. Wote wawili."

"Ndiyo maana nakuambia."

Kwa gari Mrefu alimwambia Otiende amuulize Kipara kama anataka dirisha lifungwe. Kipara akamwambia Otiende amjibu Mrefu kwamba suala la dirisha halikuwa kwa ajenda. Tulifika tumejaa vumbi.

Nicanor alikuwa amepiga pasi mpaka soksi. Akanivuta kando.

"Buda, wakikosa kujua hii kitu imetoka wapi, wanafunga kituo. Wanakipeleka nchi ingine."

"Utapata kazi ingine."

"Wewe hujaelewa. Rosebella ameshasema kodi ya nyumba ikitushinda, tunahamia kwa mama yake." Akaangalia mahindi. "Tyson, nyumba ni chumba moja na pazia!"

Nikamwonea huruma. Mbukusu kulala nyuma ya pazia ya mama mkwe, afadhali bomu yenyewe.

Mrefu na Kipara wakakagua mfereji wa hewa, kila mmoja upande wake. Ndipo kitambaa chekundu kikatokea kwa mahindi, na Mama Nakhumicha chini yake, amebeba chekecheke na beseni ya jivu. Nicanor akaruka kama swara. Mlango wa stoo ukalia paa!

Mrefu akashtuka. "Kwa nini fundi amekimbia?"

"Ni mama ya bibi yake," nikamwambia.

"Ana silaha?"

"Ni heshima."

Akaniangalia kama mtu anahesabu mursik alikunywa ngapi.

Mama hakutujali. Akasimama pale pake pa siku zote, akaanza kuchekecha. Jivu ikapanda kama wingu dogo, ikageuka, ikapita kwa fensi bila pasipoti, ikaingia moja kwa moja kwa mashine. Mashine ikavuta ikashiba.

Otiende akashika kichwa. "Mama! Mama, ngoja! Hiyo nini?"

"Karibu, daktari. Ni munyu. Unataka ya mboga gani?"

Tukaomba jivu kidogo, tukaipima. Mashine ya kupima ikaandika seziamu. Kidogo sana, haiwezi kuumiza hata kuku, lakini iko.

Mama akaweka beseni chini. "Ati mimi nimetengeneza bomu?"

"Hapana, Mama," Otiende akasema pole pole. "Zamani, miaka ya sitini huko, nchi kubwa zilikuwa zinalipua mabomu yao hewani, za kujaribu. Vumbi ikazunguka dunia, ikaanguka na mvua mpaka hapa. Mchanga ukaiweka. Maharagwe yakaitoa kwa mchanga. Wewe ukachoma maharagwe."

Mama akafikiria. Akaangalia Mrefu, akaangalia Kipara, kama ameletewa watoto wameiba kuku.

"Kwa hivyo hawa wametoka kwao na ndege," akaniambia, "kuja kunishika na bomu yao wenyewe?"

Hiyo nilitafsiri bila kuongeza chumvi. Mrefu akaangalia viatu vyake. Kipara pia akaangalia viatu vya Mrefu.

Ikabaki jambo moja. Wageni wakasema, kupitia Otiende, kituo hakitafungwa kama fundi wa mashine atamwambia jirani mwenyewe asichekeche hapo tena, nao wasikie. Si Otiende, si mimi. Fundi ni Nicanor.

Nikagonga stoo. "Toka. Umwambie Mama asichekeche hapa, ama ulale kwa pazia."

Mlango ukafunguka. Nicanor akatoka kinyumenyume, mgongo kwa Mama, uso kwa jenereta iko kando ya mlango. Shati imeloa.

"Jenereta," akaanza. "Nakuomba, mwambie yule mzazi wetu mheshimiwa, munyu yake ni tamu, hata Rosebella hapikii ingine. Lakini hapa mashine inakula jivu yake. Aende upande ule wa maji, nitamjengea kibanda cha kuzuia upepo."

Mama alikuwa pia amegeuka, anaangalia mahindi. "Jenereta, mwambie huyo mtoto wa watu nimesikia. Kibanda kiwe na mabati, si nyasi. Na umuulize mbona amekonda hivyo."

"Jenereta, mwambie ni mawazo ya kazi."

"Jenereta, mwambie kazi iko."

Otiende akageukia wageni kuona kama hiyo inatosha. Kisha Kipara akakohoa, akatembea mpaka mbele ya jenereta, akainama kidogo.

"Jenereta," akasema kwa Kiingereza chake kizito, "uliza mwenzangu kama anakubali hii seziamu ni ya zamani."

Mrefu akakuja, akasimama upande ule mwingine wa jenereta.

"Mwambie nakubali. Na uulize ilikuwa ya nani."

"Mwambie hatutaanza hiyo leo."

Mama Nakhumicha akanivuta mkono. "Tyson, hawa wawili, nani alioa kwa nani?"

"Hatujui bado, Mama."

"Basi wakijua, waletane blanketi," akasema, akijitwika beseni yake. "Hata hii jenereta itachoka."