Rangi Nyeupe Juu ya Meko

Prudensia alijua kuna jambo kabla hajavua viatu. Harufu ya rangi ya mafuta ilimpokea mlangoni, naye ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku hospitali, miguu imemvimba.

Akaingia sebuleni. Meko yake ya kuotea moto yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe pe, vigae vyote mpaka rafu ya mbao juu yake, na mdomo umezibwa kwa ubao.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Ambilikile, mumewe, rola bado mkononi, anachekelea. "Kesho wageni wanakuja, mama Angel. Nimekusafishia."

Kusafisha! Miezi minane Prudensia alihangaika na meko yale. Nyumba yao hapo Houston ni ya zamani, na waliokaa kabla yao waliyafukia ukutani. Yeye ndiye aliyegonga akasikia uwazi, akabandua, akakuta vigae vya kijani vimejaa masizi. Akavisugua kimoja kimoja kwa mswaki. Kimoja kilikuwa kimepasuka. Aliendesha gari mpaka Fort Worth kutafuta pacha wake kwenye duka la mabaki ya nyumba zilizobomolewa. Fundi wa dohani alikagua njia ya moshi, akasema ni salama. Kesho, kwenye ibada ya kubariki nyumba, angewasha moto wa kwanza, mama mkwe akiangalia kwa simu kutoka Tukuyu. Alishamwahidi bibi wa watu.

"Baba Angel, meko yamekukosea nini?"

Ambilikile akajikuna kisogo. "Watu wa kanisani kwetu Alief unawajua midomo yao. Watasema tumekuja Marekani kupikia kuni."

"Ebo! Kwa hiyo kazi ya mikono yangu umeifukia kwa ajili ya midomo ya watu? Mkataa kwao mtumwa, Ambi. Mtumwa kabisa!"

Simu ya video ikaita. Ni mama mkwe, hakuweza kusubiri kesho. Ambilikile akanyoosha mkono kuipokea. Prudensia akaiwahi, akaielekeza ukutani.

"Mbona peupe?" bibi aliuliza. "Meko yako wapi?"

"Muulize mwanao, mama."

Ambilikile akababaika. "Mama, niliona aibu. Mambo ya moshi na kuni, huku watu..."

"Aibu ya moshi?" Bibi alisogeza uso karibu na simu, macho mekundu yanachuruzika, kama yalivyokuwa siku zote. "Haya macho yaliharibiwa na moshi wa maandazi niliyokusomeshea. Basi na mimi unionee aibu, mwanangu."

Akakata simu.

Ambilikile aliweka rola chini. Prudensia hakumwonea huruma hata chembe. Akamtupia kikwangulio.

"Anza na vigae vya chini."

Kesho yake wageni walimkuta Ambilikile amepiga magoti, shati la ibada limejaa vumbi jeupe, nusu ya vigae bado. Mchungaji akafungua Biblia, akauliza kama waanze kuomba.

"Subirini," Prudensia alisema, simu mkononi, mama mkwe akitazama. "Hajamaliza."